Mtoto Mwenye Ulemavu wa Ukuaji: Malezi ya Nyumbani na Wajibu wa Jamii Inayomzunguka

Na Mwandishi Wetu

Kila ifikapo Desemba 3, Tanzania huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu. Katika viwanja vya maadhimisho huonekana viti mwendo, fimbo nyeupe na wakalimani wa lugha ya alama. Wanaoonekana kwa nadra ni watoto wadogo ambao ulemavu wao umo katika ukuaji wenyewe: mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye shingo yake haijakaza, mtoto mwenye usonji ambaye kelele za spika humtia hofu, mtoto mwenye ulemavu wa akili au sindromu ya Down ambaye huchelewa kusema na kutembea. Wengi wao siku hiyo huwa nyumbani, na aliyebaki nao ni mama, bibi au dada mkubwa.

Makala haya yanaeleza hali hizo ni zipi, mzazi afanye nini nyumbani, sheria inampa mtoto haki gani, na jirani, mwalimu na kiongozi wa mtaa wana sehemu gani katika malezi hayo.

Hali hizi ni zipi, na hutokana na nini

Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia au kutokukua sawasawa kabla ya mtoto kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo ya uhai. Sababu zinazojulikana ni pamoja na mtoto kukosa hewa wakati wa uchungu uliochukua muda mrefu, kuzaliwa kabla ya wakati, manjano makali yasiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo na malaria inayopanda kichwani. Huathiri misuli na mwendo. Akili inaweza kuathirika au isiathirike kabisa, na hapo ndipo jamii hukosea mara nyingi: mtoto asiyeweza kutamka neno huhukumiwa kuwa haelewi, ilhali anasikia na kuelewa kila kinachosemwa juu yake.

Sindromu ya Down hutokana na mtoto kuwa na nakala tatu za kromosomu ya 21 badala ya mbili. Haitokani na chakula alichokula mama, wala na jambo alilotenda baba. Daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza mwaka 1866, na chanzo chake katika kromosomu kikathibitishwa mwaka 1959. Watoto hawa wanapaswa kupimwa moyo mapema, kwa kuwa takribani nusu yao huzaliwa na hitilafu ya moyo. Upimaji wa masikio na tezi ya shingo nao ni wa lazima.

Usonji huathiri namna mtoto anavyowasiliana, anavyohusiana na watu na anavyopokea sauti, mwanga au mguso. Mtoto anaweza kurudia tendo moja muda mrefu, kutotazama watu machoni, au kulia kwa uchungu pale utaratibu aliouzoea unapobadilika. Usonji hausababishwi na malezi mabaya, na chanjo haziuleti.

Kwa hali zote hizi hakuna dawa ya kuziondoa. Kauli hii ni ngumu kwa mzazi kuisikia, lakini kuisikia mapema kunamwokolea fedha na miaka. Familia nyingi huuza mbuzi, kisha shamba, kwa kutafuta tiba isiyokuwepo, huku muda ambao mtoto angefaidika zaidi na mazoezi ukipita.

Dalili za kufuatilia

Viwango vya Shirika la Afya Duniani vinaonesha kuwa watoto wengi huweza kukaa bila kushikiliwa kati ya umri wa miezi 4 na miezi 9, na kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na miezi 18. Mtoto anayezidi umri huo bila kukaa au kutembea, asiyetabasamu kwa watu afikapo miezi 3, asiyegeuka akiitwa jina afikapo mwaka mmoja, au asiyeunganisha maneno mawili afikapo miaka 2, apelekwe kituo cha afya. Apelekwe haraka zaidi mtoto aliyekuwa anaweza jambo fulani kisha akapoteza uwezo huo.

Kauli ya kuwa "atatembea tu, hata baba yake alichelewa" husemwa kwa nia njema, na wakati mwingine huwa kweli. Hata hivyo, anayepaswa kuthibitisha ni mtoa huduma. Mahudhurio ya kliniki hayaishi chanjo zinapokamilika; uzito, urefu na hatua za ukuaji huendelea kufuatiliwa hadi mtoto atimize miaka 5, na huduma kwa watoto walio chini ya umri huo katika vituo vya umma hutolewa bila malipo kwa mujibu wa sera ya afya.

Serikali iliunganisha masuala haya katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26, inayohusu watoto wenye umri wa miaka 0 hadi 8. Nguzo zake ni afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mtoto mwenye ulemavu hana nguzo zake za pembeni. Ana haki ya hizo hizo tano, ila kila moja humfikia kwa juhudi kubwa zaidi.

Kazi ya kila siku nyumbani

Mzazi ndiye mtaalamu wa kwanza wa mwanawe. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo huonana na mtoto kwa nusu saa, pengine mara moja kwa mwezi. Saa nyingine zote ni za nyumbani. Kwa sababu hiyo, mzazi anapofika hospitali asiridhike kuona mtoto akifanyiwa mazoezi tu. Aombe kufundishwa, ajaribu mwenyewe mbele ya mtaalamu, na aulize ni zoezi gani linaweza kuingizwa katika kuoga, kuvaa na kula.

Kulisha ndiko kunakohitaji uangalifu mkubwa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asilishwe akiwa amelala chali wala kichwa kikiwa kimeangushwa nyuma, kwa kuwa chakula huweza kuingia katika njia ya hewa na kusababisha nimonia. Aketi wima, kichwa kiinamishwe mbele kidogo, na apewe chakula laini kwa kijiko kidogo, akisubiriwa ameze kabla ya kuongezewa. Mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima. Anayelishwa kwa haraka hushiba nusu, na unyonge unaodhaniwa kuwa ni sehemu ya ulemavu huwa ni njaa. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti cha kona chenye meza ndogo mbele yake, kwa vipimo vitakavyotolewa na mtaalamu. Kiti hicho humwezesha mtoto kula, kucheza na kuwatazama wenzake wakiwa usawa mmoja.

Baadhi ya watoto hawa hupata pia kifafa. Degedege linapoanza, mtoto alazwe kwa ubavu, vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na asiwekewe kijiko wala kitu chochote mdomoni. Povu la mgonjwa wa kifafa haliambukizi. Degedege likizidi dakika 5, au likirudi kabla mtoto hajapata fahamu, apelekwe hospitali mara moja. Dawa za kifafa hazikatishwi bila ushauri wa daktari, hata kama miezi imepita bila degedege.

Kwa mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili, jambo linalosaidia zaidi ni utaratibu usiobadilikabadilika na maelekezo mafupi, moja baada ya jingine. "Chukua kikombe," kisha asubiriwe. Kazi kubwa kama kuvaa shati igawanywe katika hatua, na kila hatua aliyoiweza asifiwe. Mtoto asiyezungumza afundishwe kuonesha kwa kidole, kwa picha au kwa ishara. Kutumia ishara hakumzuii kusema baadaye.

Kwa nini mtoto hufichwa

Inasemwa mara nyingi kuwa wazazi huwaficha watoto wenye ulemavu kwa aibu. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haitoshi, na wakati mwingine ni dhuluma kwa mzazi. Mtoto wa miaka 7 asiyetembea ana uzito wa kilo 15 au zaidi. Mama humbeba kwa mbeleko hadi kituo cha daladala, ambapo kondakta humtazama na kuhesabu muda atakaopoteza. Kanisani au msikitini vichwa hugeuka mtoto akipiga kelele. Sokoni huulizwa, mbele ya mtoto mwenyewe, "Huyu alifanywa nini?" Baada ya safari chache za namna hiyo mama hubaki nyumbani, na akibaki nyumbani biashara yake ya vitumbua hufa. Aliyefungiwa ndani si mtoto peke yake.

Juu ya uchovu huo huja tuhuma. Bado wapo wanaosema kuwa mtoto ni mkosi, laana ya ukoo, au malipo ya utajiri wa mtu fulani. Tuhuma hizo humwangukia mama zaidi kuliko baba, na zimevunja ndoa nyingi. Viongozi wa dini na wazee wa mtaa wana nguvu ya pekee hapa, kwa sababu neno lao moja msibani au harusini husikika na watu ambao hawatahudhuria semina yoyote.

Maneno nayo yana uzito. Serikali hutumia "watu wenye ulemavu" na "watoto wenye mahitaji maalumu" kwa makusudi, ili mtu atangulie na hali yake ifuate. Wapo waliolalamikia maneno ya zamani kama kilema na kiwete kwa kuwa yamo katika ngeli ya vitu. Hoja hiyo haikamiliki, maana kijana na kiongozi nao wamo humo na hakuna anayedhalilika. Kinachoumiza ni jina la hali kugeuzwa kuwa jina la mtu. Mtoto anayeitwa zezeta au taahira tangu utotoni hujibu mwito huo, na wadogo zake hulisikia na kulirudia.

Sheria inasemaje

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwaka huo huo Bunge lilitunga Sheria ya Mtoto Na. 21, inayokataza kumbagua mtoto kwa misingi mbalimbali ukiwamo ulemavu. Ikafuata Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Kwa upande wa Zanzibar zipo sheria zake kuhusu watoto na watu wenye ulemavu.

Sheria ya mwaka 2010 ina jambo ambalo wananchi wengi hawalifahamu. Imeweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa, na imeipa serikali ya kijiji na ya mtaa wajibu wa kulinda haki na ustawi wa watu wenye ulemavu waliomo katika eneo lake. Kwa hiyo mzazi anayekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kueleza habari za mwanawe haombi hisani.

Umuhimu wa ngazi hiyo unaonekana katika takwimu. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Mtoto wa miaka miwili au mitatu, aliye katika umri ambao msaada humfaa kuliko wakati mwingine wowote, hayumo katika kiwango hicho. Anayeweza kumjua ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, balozi na jirani. Asipoandikwa na hao, halmashauri haitamwekea bajeti.

Shuleni

Mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma katika shule ya kawaida iliyo jirani, akipewa msaada unaohitajika. Shule maalumu na vitengo maalumu vipo kwa wale ambao mahitaji yao hayawezi kutimizwa vinginevyo. Walimu wa fani hiyo huandaliwa katika vyuo vikuu kadhaa na katika Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha. Jijini Dar es Salaam, Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko ni mfano wa muda mrefu wa watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu kusoma katika eneo moja.

Mwalimu mkuu asimrudishe mtoto mlangoni kwa kigezo cha kutojua kuzungumza au kutojitegemea chooni. Utaratibu ni kumwandikisha, kisha kuwasiliana na Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri ili apimwe na kupangiwa namna ya kusoma. Ni kweli kuwa darasa lenye wanafunzi 80 na mwalimu mmoja humwelemea hata mwalimu mwenye moyo, na kuandikishwa pekee hakujawa elimu. Hata hivyo, mengi yanawezekana kabla ya fedha kuja: kumketisha mbele, kumpangia rafiki wa kumsaidia kunakili, kuziba ngazi kwa mteremko wa udongo na saruji, na kamati ya shule kujadili choo kimoja chenye mlango mpana.

Kwa wanaofika kwenye mitihani, Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Nyongeza hiyo ina maana kubwa kwa mwenye mtindio wa ubongo anayejua jibu lakini mkono wake unakawia kuliandika. Kwa wengine, mafanikio yatapimwa kwa stadi za maisha: kujua thamani ya noti, kufua, kulima bustani, kufika dukani na kurudi.

Mtaani

Ujumuishi wa watoto huanza mchezoni. Watoto wakiachwa peke yao mara nyingi hupata njia: katika rede, asiyeweza kukimbia hurusha mpira, katika kombolela, hulinda kopo. Mtu mzima anayewafukuza kwa kuhofia "watamuumiza" humnyima mtoto kile ambacho hospitali haiwezi kumpa. Bora aketi karibu na kutazama.

Kwa mlezi, msaada wenye thamani kuliko pole ni saa mbili. Jirani anayebaki na mtoto Jumanne na Ijumaa, baada ya kufundishwa namna ya kumlisha, humrudishia mama soko lake. Wazazi wenye hali inayofanana wakiunda kikundi, huweza kupokezana zamu, kuchangia nauli ya kliniki na kumwalika mtaalamu mmoja awafundishe wote. Akina baba wahudhurie. Kikundi cha akina mama peke yao huthibitisha kimyakimya kuwa mtoto ni wa mama.

Ulinzi haupaswi kusahaulika. Mtoto asiyeweza kusimulia yaliyompata yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupigwa na kufanyiwa ukatili wa kingono, na mtendaji huwa ni mtu aliyezoeleka. Afundishwe majina halisi ya viungo vya mwili na namna ya kukataa, kwa maneno au kwa ishara. Mabadiliko ya ghafla ya tabia, hofu ya mtu fulani au majeraha yasiyoelezeka yatolewe taarifa kwa Afisa Ustawi wa Jamii, kwa Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au kwa simu namba 116 ya kuwasaidia watoto.

Nikifa, nani atamlea?

Hilo ndilo swali ambalo wazazi hawa huulizana wakiwa peke yao. Jibu la kawaida ni kumtegemea dada au kaka, ambaye hakuulizwa, na ambaye pengine ameshaacha shule ili asaidie. Familia ifanye kikao mapema, mtoto angali mdogo, mzigo ugawanywe miongoni mwa ndugu, wajomba na mashangazi, na makubaliano yaandikwe.

Sehemu nyingine ya jibu ni kumwandaa mtoto mwenyewe. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Masharti yanayotumika hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kuwa asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Vijana wenye ulemavu wa akili ndio wanaofikiriwa mwisho katika nafasi hizo, ingawa wapo wanaofanya kwa ustadi kazi zenye utaratibu ule ule kila siku, kama kufungasha bidhaa, kutunza bustani, usafi na ufugaji wa kuku.

Mzazi ambaye hajaanza popote aende kwanza katika zahanati au kituo cha afya akiwa na kadi ya kliniki, aeleze anachokiona na aombe rufaa kwenda kwenye huduma za utengamao katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Baada ya hapo afike ofisi ya mtendaji wa mtaa au kijiji na cheti cha kuzaliwa cha mtoto ili aingizwe katika kumbukumbu, na aonane na Afisa Ustawi wa Jamii. Asiye na cheti asikawie nyumbani kwa sababu hiyo. Aende hivyo hivyo, na ofisi ya kata itamwelekeza namna ya kukipata kupitia RITA. Shirikisho la Vyama vya Watu wenye Ulemavu Tanzania, SHIVYAWATA, linaweza kumwunganisha na chama kinachohusika na hali ya mwanawe.